Mama Alidhani Niko Naples

Mama alisikia "Naples," ule mji wa pwani, nami nikamwachia hivyo hivyo. Nilikuwa nimesema "Népal," tena kwa sauti ya chini, huku nikivaa koti mlangoni pa nyumba yake, katika mtaa wa Laeken, huku ughaibuni.

"Ah bon, bahari! Ni bien, mutoto yangu," akasema. "Uko unachoka sana na kazi."

Ningemsahihisha vipi? Huyu ni mwanamke aliyezikataa katakata ngazi za umeme za kituo cha treni cha Porte de Namur, akashuka zile za kawaida huku ameshika ukuta na kunigombeza mimi niliyetangulia. Ningemwambia ninakwenda kutembea milima ya Himalaya siku kumi na mbili, asingepata usingizi. Basi nikanyamaza, na kusema kweli nilijiona mjanja.

Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, na bado nayakumbuka yale mabonde kwa uchungu mtamu. Tulitembea asubuhi nzima bila kusikia kitu ila kijito na kengele za ng'ombe wa wenyeji, wale wenye manyoya marefu. Kiongozi wetu alitangulia, mikono nyuma, kama mzee anayekagua shamba lake. Chai yao ina chumvi na siagi. Kikombe cha kwanza nilikinywa kwa adabu tu, cha tatu nikakiomba mwenyewe.

Siku ya tisa tukafika juu kabisa, penye upenyo kati ya vilele viwili, theluji magotini. Pumzi ikanikatika. Nikakaa juu ya jiwe, mtu mzima na ndevu zangu, nikaita, "Maman!" Kiongozi akanishika mkono, tukavuka hatua kwa hatua.

Niliporudi, Mama alinipaka mafuta kwenye midomo iliyopasuka, akailaumu chumvi ya bahari. Nikaitikia.

Miaka kadhaa baadaye mapafu yake yalichoka. Mchana mmoja nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake, akaniambia kwa shida, "Kukosa pumzi, mutoto yangu, weye hauwezi kujua."

Nikamwambia ninajua. Nikamweleza yote, hata lile jiwe. Alisikiliza huku amefumba macho, nami nikangoja anigombeze.

"Donc miye nilikuwa naomba Mungu usizame mu mayi," akasema. Kisha akafumbua macho, akanitazama. "Na kule yulu, ni nani alikuwa anakuombea?"

Nikamshika mkono, nikalia.