Mvumilivu, Alama Mbili

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mimi ndiye niliyeandika ile miongozo myembamba ya tamthilia na riwaya za Kiingereza inayotandazwa kando ya barabara pale Kariobangi, katikati ya soksi na chaja za simu. Jina lililo kwenye jalada si langu. Nililibuni ili wahadhiri walionifunza fasihi wasife kwa aibu. Leo nakiri, msomaji, kwa sababu mtu pekee aliyenigundua amefariki. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya kutwa huku Eastlands, na jirani yangu Komarock, ghorofa moja juu yangu. Tuliambiwa kwamba aliteleza kwenye ngazi jioni.

Alinigundua kwa mzaha wangu mwenyewe. Alibisha mlango akiwa ameshika nakala ya mwongozo aliyomnyang'anya mwanafunzi, akasema, "Jirani, hii ni kazi yako. Nairobi nzima hakuna mwingine anayeweza kumfananisha chifu na jogoo wa plastiki." Nilikana. Akaketi hata hivyo, akafungua ukurasa wa sifa za wahusika. Ilikuwa tamthilia ya mwanamke anayepigwa na mumewe tangu onyesho la kwanza hadi la mwisho, nami nilikuwa nimeandika, kwa Kiingereza changu cha chuo kikuu, kwamba ni mvumilivu. "Uvumilivu umeuona wapi?" akauliza. Nikamjibu kwamba mwanamke yule anabaki. "Hata mbuzi wa machinjioni Kiamaiko anabaki," akasema. "Amefungwa kamba." Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeacha kukana.

Alinialika kwenye darasa lake la Jumamosi, nadhani ili niadhibiwe hadharani. Alikuwa na utaratibu wake: hakuna sifa iliyoandikwa ubaoni mpaka darasa lilete shahidi kutoka kitabuni. Msichana mmoja aliinuka na mwongozo wangu mkononi. "Madam, hapa wanasema ni mvumilivu. Hiyo ni alama mbili." Mwenzake akadakia kutoka nyuma, "Madam, mbona hasepi tu?" Darasa likacheka. Mwalimu akangoja kicheko kiishe. "Aende wapi? Nionyesheni nyumba moja humu kitabuni ambayo angefunguliwa mlango." Kurasa zikafunuliwa kwa muda mrefu. "Haya, nani alimuuliza ana shida gani?" Msichana yule akajaribu: "Pasta alimtembelea, madam." "Akafanya nini?" "Akanywa chai." Tukacheka tena, mimi nikiwa wa kwanza. Yeye hakucheka. Ilikuwa Februari, joto la kuchosha, naye alikuwa amevaa sweta yenye mikono mirefu iliyofika hadi viganjani. Niliiona. Nikadhani ni heshima ya ualimu.

Sisi watu wa mitaa hii tunayajua maudhui kama sala. Mtoto wa kidato cha nne atakutajia ukatili katika ndoa, atakupa mifano minne na kukuonyesha jinsi mwandishi alivyoutumia kuikosoa jamii, kisha atarudi nyumbani ambako jambo lilo hilo huitwa mambo ya watu wawili. Simlaumu mtoto. Mimi ndiye niliyemwandalia jibu. Mhusika wa kitabuni ni rahisi kumchambua kwa kuwa hawezi kubisha mlango wako akiomba pa kulala. Unampigia mstari, unampa sifa, unafunga kitabu na kwenda kula. Mtu aliye hai ana mlango unaotazamana na ngazi zako, ana mume anayekusalimia vizuri, ana mkwe, ana kanisa. Kumsoma kunaweza kukugharimu ujirani. Kwa hiyo tunasoma vitabu.

Kamati ya mazishi ilikutana sebuleni kwake. Kwa kuwa mimi ni "mtu wa chuo", nilipewa kazi ya kuandika historia ya marehemu kwa ajili ya kijitabu cha ibada. Mume wake alikuwa ameketi kwenye kochi, watu wakimpa chai na pole. Mwenyekiti, mzee wa kanisa mwenye sauti nzuri, alinisomea cha kuandika: mke mwaminifu, mama mwenye huruma, mvumilivu. "Mvumilivu hula mbivu," akaongeza, na hakuna aliyeuliza marehemu amekula nini. Nikauliza, kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia, "Mzee, hizo ngazi aliangukaje?" Akanitazama kwa upole. "Mama, hayo tumeachia familia. Wewe tupambie tu." Nilirudi nyumbani nikapamba. Nilipomaliza niliisoma, nikaona ni mwongozo mwingine: sifa tano, shahidi hakuna. Nilijua kwamba kijitabu kile kikishasomwa kanisani na kaburi likafukiwa, swali langu litafukiwa pamoja naye. Nilijua pia kwamba mwenye mashine ya kuchapa anakingoja kabla ya saa sita.

Saa tano simu ikalia, namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, Kiswahili cha magharibi mwa nchi, kila neno likiwekwa chini taratibu.

"Wewe ndiye yule jirani anaandika maneno ya kanisa?"

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Mimi ndiye nilimzaa. Nimefika leo. Umeandika ya kwamba alianguka?"

"Ndivyo tulivyoambiwa, mama."

"Alinipigia hiyo jioni. Alisema amefunga nguo, anataka kuja nyumbani. Nikamwambia, mwanangu, giza limeingia, lala, kesho nitaongea na bwana yako." Nyuma yake nilisikia mtu akiburuta kiti na mwingine akiita jina la mahabusu. "Nimekataa mazishi. Niko hapa kituo cha polisi, na huyu kijana anasema neno langu pekee ni dogo, mimi nilikuwa mbali. Ananiuliza kama kuna mtu wa hilo jengo alisikia kitu."

Nilitazama karatasi iliyokuwa mbele yangu.

"Nilisikia, mama," nikasema. "Nilikuwa nyumbani."

"Basi vaa viatu uje."