Jenereta ya kliniki ilikuwa inapeleka umeme kwenye nguzo, na fundi alishaweka ngazi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Bujumbura, sijaongeza chumvi.

Kazi yangu ni service ya jenereta na inverseur. Kwa asiyejua, inverseur ni ile swichi kubwa yenye mkono: ukiupandisha unatumia umeme wa mji, ukiushusha unatumia jenereta. Pia ndiyo inayozuia umeme wa jenereta usitoke kwenda barabarani. Hiyo wengi hawaijui.

Majuzi nilikwenda kliniki ndogo karibu na soko la Jabe, ukaguzi wa kawaida tu. Umeme wa mji ulikuwa umekatika, jenereta (huku tunaiita groupe, na umeme courant) inanguruma. Msimamizi hakufurahi kuniona.

"Groupe inawaka, wagonjwa wako na courant. We unatafuta nini tena?"

Nikamwambia napenda kukagua kitu kikiwa kazini, siyo kikiwa kimelala. Akaniacha.

Kwanza nikavuka barabara kununua maji kwa Mama Zaina mwenye duka. Mtaa mzima hauna umeme, lakini taa yake inawaka na friji inafanya kazi. Jenereta hana.

"Mama, hii courant inatoka wapi?"

"Sijui, mwanangu. Imerudi kwangu peke yangu, alhamdulillah."

Nikaacha maji, nikatoka nje haraka. Duka lake na kliniki tu ndivyo vinalishwa na nguzo moja, na kwenye nguzo hiyo fundi wa laini alikuwa ameegemeza ngazi, mguu wa kwanza uko juu.

"Kaka, usipande. Waya ziko na courant."

"Apana. Tumekata kule kona, mi mwenyewe nimekata."

"Umekata ya mji. Hii inatoka kliniki. Angalia taa ya mama."

Akageuka, akaiona. Akashusha mguu taratibu.

Nikarudi kliniki mbio. Muuguzi, Mama Chantal, akasimama mbele yangu. Alikuwa na mtoto kwenye mashine ya oksijeni.

"Ukizima groupe, huyu mutoto atapumua na nini?"

Haki yake kuuliza. Lakini sikuhitaji kuizima. Kati ya mita na inverseur kuna disjoncteur, swichi kuu ya umeme wa mji. Nikaishusha. Duka likazimika, mashine ya mtoto ikaendelea. Nikapima waya za upande wa mji moja moja, hakuna kitu. Fundi naye akapima zake kabla ya kupanda.

Baadaye Mama Chantal alimhamishia mtoto kwenye chupa ya oksijeni, tukazima kila kitu, nikafungua inverseur. Mkono ulikuwa umeshuka vizuri kabisa, lakini ndani kontakti moja ilikuwa imeungua na kugandana upande wa mji, ndiyo maana umeme wa jenereta ulipita humo kwenda nguzoni. Nikafunga inverseur mpya.

Yule fundi alikuja kuiangalia ile ya zamani. Akapitisha kidole kwenye ile kontakti iliyoungua. Kisha akatoka uani akampigia mke wake simu, akamuuliza kama watoto wamekula. Hakumwambia kingine.

Wakuu, mkono wa swichi si ushahidi. Jenereta ikiwa inafanya kazi, fundi wako apime na upande wa mji, kila ukaguzi. Taa kuwaka ndani haitoshi.

Wenye kliniki, hoteli na vyumba vya barafu, inverseur yenu ilifunguliwa na kukaguliwa lini mara ya mwisho? Na mafundi wenzangu, nyie mlishakuta nini ndani? Mwageni hapa.