Riziki hakulishwa sumu

Bado sijakubali. Asubuhi nimefika labo ya hospitali, nikavuta kiti cha Riziki karibu na changu kama kawaida, ndipo nikakumbuka. Alifariki jana. Mungu wangu!

Nimechoka, ndugu zangu. Hata kulia nimechoka. Lakini kuna neno lazima niliseme kabla hatujamzika.

Miaka yote tulikaa meza moja tukipima malaria. Alikuwa anaimba vibaya sana, kwaya yao ilimvumilia tu.

Kisha tumbo likaanza kuvimba. Vijiko viwili vya bugali, na chakula hakiteremki siku mbili. Mara ya kwanza alikuwa ametoka kula sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa mama mkwe wake, Mama Feza.

Mimi nikamnong'oneza jirani: sumu. Jirani mmoja tu! Kufika jioni mtaa mzima ulishajua, na tangu siku hiyo hakuna aliyegusa chakula cha Mama Feza.

Riziki akapelekwa Lubumbashi, wakapima kipande cha utumbo. Aliporudi alinichorea nyuma ya karatasi ya matokeo: utumbo una mishipa yake ya fahamu inayosukuma chakula, na pembeni kuna seli ndogo zinazoilisha na kuilinda. Zake zilikuwa zinaugua. Kwa nini? Hata madaktari hawakujua.

"Dada, mishipa njo babebaji ba bandari," aliniambia. "Hizi seli njo bamama benye kubapikia. Bamama bakigonjwa, nani atabeba muzigo?"

Jumapili moja akaniita kwa Mama Feza. Alikunywa uji wa mama huyo mbele ya majirani, akijua utamtesa. Akanisogezea sahani ya sombe.

"Kula, bakuone."

Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nilijua ukweli wote, na bado niliogopa. Aibu hiyo ninayo mpaka sasa.

Leo matangani Mama Feza ameleta sufuria ya sombe na samaki wa mikebuka. Watu wameipita, wakaenda kwa sufuria nyingine. Amekaa peke yake kando ya sufuria yake, akimlilia mkwe wake.

Nikachukua sahani. Nikala yote, wote wakinitazama.

"Mama, uniongeze."

Akaniongeza.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini Mama Feza hakumpa mtu sumu. Neno lile nililianzisha mimi, na lilikuwa uongo. Lisambazeni hili kama mlivyolisambaza lile.

Lala salama, Riziki. Leo nimeshiba kweli.