Siku Niliyowashonea Wageni Bata Mzinga

Kuna wateja wangu hapa Tarime ambao mpaka leo wakileta kitambaa huangalia kwanza nimeshika nini mkononi, halafu ndipo wanasalimia, na siwalaumu. Mimi ni fundi cherehani, na Krismasi iliyopita nilijiaibisha mbele ya mchungaji na mke wake, mbele ya wifi yangu, na mbele ya baba mkwe wangu ambaye ndiyo kwanza alikuwa amekuja kulala kwangu tangu niolewe. Nasimulia mwenyewe kwa sababu yanayosimuliwa huko sokoni yameongezwa chumvi (eti bata alifufuka mezani, hakufufuka, alikuwa hajafa).

Ilianza na menyu. Krismasi ya mwaka uliotangulia tulikula kwa wifi Ghati, dada wa mume wangu, ambaye ameolewa Migori upande wa Kenya. Ghati akatoa bata mzinga mzima juu ya sinia, ameokwa mpaka anang'aa, amezungushiwa viazi, watu wakasimama kumpiga picha kabla ya kumla. Nikala, nikashiba, nikasema asante. Wakati wa kuaga akanishika bega, akacheka, "Wifi, nyinyi huko Tarime si muendelee tu na mbuzi zenu." Alikuwa anatania, najua, lakini mimi tulipovuka mpaka pale Sirari nilikuwa nimeshaamua.

Kwa hiyo zamu yetu ilipofika nikaandika kwenye kundi la familia, bila hata kumwuliza Marwa mume wangu, kwamba mwaka huu Krismasi ni kwetu na chakula kikuu ni bata mzinga wa kuoka. Nikaweka na vingine vyote: pilau, viazi vya kuoka, ndizi, kachumbari, mchicha wa karanga, ugali wa udaga wa muhogo kwa wazee, na keki. Marwa akasoma akiwa amekaa hapo hapo karibu yangu.

"Na nyama?" akaniuliza.

"Bata si nyama?"

"Mama Bhoke, bata ni ndege. Baba anatoka Kemambo, kwenye ng'ombe. Umpe ndege Krismasi?"

Tulikuwa na beberu tuliyemtenga kwa ajili ya sikukuu. Nikamwambia Marwa ampeleke kwa kaka yake, kwa sababu mbuzi angetuharibia menyu. Nilitamka hivyo hivyo, "atatuharibia menyu," na yeye akamfungua mbuzi akaondoka naye bila kusema kitu (mume wangu akinyamaza ujue ameona mbele).

Hapa lazima niwaambie habari ya baba mkwe, mzee Matiko. Mimi ni Mjaluo wa kule Shirati, na mzee alikuwa ametaka Marwa aoe Kemambo kwao, kwa watu anaowajua na ng'ombe anaowajua. Hakunitukana hata siku moja. Alikuwa tu haji. Akija mjini atafika, atakunywa chai kwa heshima, na jioni utamkuta anaaga kwamba ng'ombe wanamsubiri. Nyuma yangu aliniita "yule Mjaluo wa Marwa", na mimi nilikuwa nimeshazoea. Sasa mwaka huo akasema atakuja na atalala mpaka Krismasi ipite. Nilifua mashuka mara mbili.

Bata nilimpata Itiryo kwa mfugaji mmoja, akaletwa kwa bodaboda, mwili ndani ya gunia, kichwa nje, akifoka njia nzima. Dume kubwa, jeusi, kifua mbele, shingo nyekundu. Nikamfunga kamba mguuni nyuma ya nyumba nikaanza kumlisha mahindi.

Baba mkwe alipofika nikampigia goti, shikamoo baba, nikampokea mkoba, na kabla hajakaa bata akapiga kelele yake kule nyuma. Mzee akageuka. Akaenda kumwangalia. Akamzunguka, na bata akafungua mkia akamzunguka yeye, wakazungukana hivyo kwa muda, mimi nimesimama nimeshika mkoba.

"Huyu ni mnyama gani?"

"Ni bata mzinga, baba."

"Wa nani?"

Sasa jamani, mngejibu nini? Mimi nikajibu kwa adabu, kama mkwe aliyelelewa vizuri: "Ni kwa ajili yako, baba."

Nilimaanisha sikukuu. Nilimaanisha sinia na viazi. Mzee akanitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza kwa kirefu, akasema, "Wake za wanangu wengine wananiletea sukari na majani ya chai. Wewe umenipa mfugo." Akaniwekea mkono kichwani akanibariki kwa Kikurya, maneno marefu, mengine sikuyaelewa lakini nilisikia ndani yake "mwana wangu" na nikasikia jina langu, Akinyi, ambalo hakuwahi kulitamka. Mtu amekubariki hivyo, utamwambia nini? Utamwambia samahani baba, huyo nitamchinja?

Mimi nilisema, "Asante, tata," yaani baba kwa Kikurya chao.

Kufikia jioni alikuwa ameshampa jina. Alimwita Diwani, kwa sababu ya mwendo. Asubuhi alimtoa na kamba kumtembeza mtaani kama mtu anayepeleka ndama mnadani, akisimama kila mlango kueleza kwamba amepewa na mke wa Marwa.

Marwa akaniambia, "Mwambie baba ukweli." Nikamwambia, "Mwambie wewe, ni baba yako." Akasema yeye hakuandika menyu. Nikampigia yule mfugaji wa Itiryo kutafuta mwingine, akasema wote wameshachukuliwa. Mtu mwenye akili hapo angenunua kilo kadhaa za ng'ombe, akaandika kwenye kundi kwamba bata ameshindikana, na mambo yangeisha. Lakini Ghati alikuwa anatuma ujumbe kila siku, "Wifi, tumefunga kula, tunangoja hiyo bata yako," na mchungaji naye alikwishaniambia kanisani kwamba hajawahi kuonja bata mzinga maishani. Nikaona siwezi kurudi nyuma.

Nilikuwa na majogoo mawili ya kienyeji, makubwa. Jioni ya mkesha, baba mkwe akiwa amekwenda kumsalimia mzee wa rika lake mtaa wa pili (na Diwani wake), nikayachinja yote mawili. Nikayalaza mezani, nikayatazama kama ninavyotazama kitambaa kisichotosha gauni. Nikaondoa mapaja na mabawa ya mmoja. Nikaubandika mwili wake ubavuni kwa mwenzake, nikachukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, nikaanza kuunga. Uzi mweupe ulikuwa umeishia kwenye magauni ya kwaya, ukabaki wa buluu wa sare za shule, nikasema utakuwa ndani, nani atauona. Nikamjaza wali na vitunguu katikati ili avimbe. Sisemi kwa kujisifu, lakini mshono ulikuwa mzuri.

Asubuhi ya Krismasi jirani yangu anayeoka keki akaniokea kwenye oveni yake. Aliuliza swali moja tu, "Huyu alizaliwa hivi?" nikamwambia ndiyo.

Basi tukatoka kanisani, wageni wakaja, sebule ikajaa. Baba mkwe kwenye kiti kikubwa, mchungaji na mke wake kulia kwake, Ghati na simu yake upande wa pili, Marwa karibu na mlango kama mtu anayejua atahitaji kutoka. Diwani alikuwa nyuma ya nyumba kwenye kivuli, nimempa mahindi mengi ili mdomo wake uwe na kazi. Nikatoa pilau, nikatoa ndizi, nikatoa kila kitu nilichokuwa nimeahidi, halafu nikatoa sinia. Lilifunikwa viazi na majani ya kotimiri kila mahali mshono ulipopita. Watu wakasema "Aaa!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Ghati akainama. "Wifi, hii bata imekuwa na kifua mbili aje?"

"Ni ya kienyeji," nikamwambia. (Hata mimi sijui nilimaanisha nini.)

Mchungaji akasimama kuombea chakula. Tukafumba macho. Akashukuru kwa mwaka, kwa mvua, kwa afya, halafu akanyoosha mkono juu ya sinia: "Na tunakushukuru, Bwana, kwa bata mzinga huyu, uliyemlea, ukamnenepesha, ukamleta hadi meza hii..."

"Bata yupi?"

Ilikuwa sauti ya baba mkwe. Tukafumbua macho. Mzee alikuwa analitazama sinia.

"Marwa," akasema, "mmemchinja Diwani?"

Mke wa mchungaji akashika kifua. "Diwani amechinjwa? Diwani yupi, wa kata?"

Marwa alinitazama mimi. Ghati alinitazama mimi. Na nilimwona mzee anajaribu kujizuia, kwa sababu alikuwa mgeni na siku ilikuwa kubwa, uso wake ukarudi kuwa ule wa siku zote, wa mtu anayekunywa chai kwa heshima halafu anaondoka. Ningenyamaza, menyu yangu ingepona. Wageni wangekula bata, Ghati angepiga picha, na mzee angerudi Kemambo akijua kwamba yule Mjaluo alimpa mfugo kwa mkono huu akamchinja kwa mkono ule.

"Ni majogoo, tata!" nikasema. Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Siyo bata. Ni majogoo mawili. Nimeyashona."

"Umeyafanyaje?" mchungaji akauliza, mkono wake bado uko juu ya sinia.

"Nimeyashona, mchungaji. Kwa shazia."

Ghati akachukua uma, akachokonoa katikati ya vile vifua viwili, akavuta. Uzi wa buluu ukatoka. Akavuta tena, ukaja mrefu kama mkono, na punje za wali zikining'inia. "Aki, wifi," akasema kwa sauti ya chini, kisha akaweka simu yake mbele ya macho.

Baba mkwe alikuwa ameshatoka. Tulisikia mlango wa nyuma, halafu tukamsikia anaongea kwa Kikurya, polepole. Aliporudi alikuwa na Diwani kwenye kamba, akaingia naye mpaka katikati ya sebule. Diwani aliona watu wengi, akafungua mkia, akajitanua, akafoka, akasimama pale pale ubavuni mwa meza, na hapo ndipo kila mtu alipoona bata mzinga ana ukubwa gani na kile nilichoandaa kina ukubwa gani. Mchungaji alianza kucheka ndani ya tumbo, akijaribu kuonekana anakohoa, mke wake akamfuata, basi ikawa kicheko sebule nzima, mpaka Marwa. Mimi nilitafuta shimo la kuingia sakafuni, sikuliona.

Mzee hakucheka. Akasubiri watulie, akaniuliza, "Kwa hiyo alikuwa wa kuliwa?"

"Ndiyo, tata."

"Na siku ile uliposema ni kwa ajili yangu?"

"Nilimaanisha chakula cha sikukuu, baba. Halafu ukanibariki, nikashindwa kusema."

Akafikiri. Akamtazama Diwani, akalitazama sinia. Akampa Marwa kamba, "Mrudishe nje, mura, anachafua," (alikuwa ameshachafua), akakaa kwenye kiti chake, akavuta ugali karibu. "Kata," akaniambia. Nikamkatia paja. Akala taratibu, kila uzi aliokutana nao akauweka pembeni ya sahani, na wengine walipoona anakula nao wakala. Mwishoni akafuta mikono akasema, "Chumvi haikutosha." Hiyo ndiyo hukumu niliyopewa.

Siku ya kuondoka nilimfungia Diwani kwenye kikapu. Mzee akakataa, akasema mfugo uliotolewa kwa kukosea haupokelewi. Nikamwambia, "Sasa hivi sijakosea. Ni wako, tata. Wa kufuga." Akampakata kwenye basi kama mtoto. Marwa anasema huko Kemambo mzee akiulizwa ndege huyo ametoka wapi, anasema amepewa na Akinyi, na haongezi neno Mjaluo.

Hiyo ni faida. Hasara ni kwamba video ya Ghati ilifika hapa sokoni kabla wageni hawajamaliza keki. Mteja akileta gauni la kupunguza ananiuliza kama nimeacha kazi ya kuku. Mwingine alileta suruali mbili akasema, "Mama Bhoke, ziunge ziwe bata." Nimecheka na wote, ningefanyaje.

Mwaka huu Krismasi ni kwetu tena (kila mtu kwenye familia amekataa zamu yake, wote wanataka kuja kwangu, sijui kuona nini). Nimejiapiza sitatangaza tena chakula ambacho bado kinatembea kwa miguu yake. Juzi wifi Ghati ameuliza kwenye kundi menyu ni nini. Nimemjibu, "Njooni na njaa," nikazima simu, nikaendelea kushona sare.