Meno ya Simu

Kila Jumapili alasiri, simu inapokaribia kuita, mama huagiza aletewe meno yake. Wiki nzima meno hayo hukaa ndani ya glasi ya maji juu ya kabati, yakiitazama sebule kama mgeni asiyejua aketi wapi. Jumapili huoshwa, hupanguswa, huvaliwa, na mama hugeuka mtu mwingine. Mashavu hujaa, midomo hupata pa kuegemea, maneno hayavuji tena upepo. Kisha huvuta kiti karibu na dirisha, penye mwanga, akamngoja mwanawe Kadogo.

Aliyeyatengeneza meno hayo ni binti yake mkubwa. Ndiyo kazi yake. Yupo kwenye maabara ya meno ya bandia, chumba kirefu nyuma ya hospitali, chenye harufu ya nta na vumbi jeupe la plasta linalomfuata mpaka nyumbani na kulala kwenye nyusi zake. Wenzake wanamwita Fundi, na hata mtaani jina limeshika. Meno ya mama aliyafanya baada ya saa za kazi. Aliyapanga kwenye nta, akayabomoa, akayapanga tena, na jino moja la mbele akalipinda kidogo, kwa kuwa hata lile la asili la mama lilikuwa limepinda. Mama alipojitazama kwenye kioo alitabasamu, akasema, "Sasa naweza kuongea na mwanangu."

Fundi alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika taulo.

Kadogo, mdogo wa pekee wa Fundi, anaishi ng'ambo. Aliondoka na cheti chake cha eksirei na deni la mkopo wa masomo, na watu wakasema yale ambayo watu husema: huyo ndiyo basi, hapatikani tena, deni litamwangukia mdhamini. Mdhamini alikuwa Fundi. Na kweli wengi wa rika la Kadogo wakifika huko hubadilisha namba za simu, wakajisahaulisha. Kadogo hakufanya hivyo. Mwezi baada ya mwezi alilipa kwa kadi yake, akifanya zamu mbili, na akishalipa hutuma picha ya risiti kwenye simu ya mama. Mama haoni maandishi madogo, lakini risiti anaijua kwa rangi yake. Ikiingia tu, mtaa mzima una habari.

"Kadogo kalipa tena," humwambia muuza duka. "Yuko kule mbali, hakuna wa kumshika shati, lakini analipa. Pale nilizaa."

Muuza duka ana mdomo usiojua kufunga. Siku moja alimuuliza, Fundi akiwa pale pale anachagua sabuni, "Na huyu mkubwa, mama, ulimwokota?"

"Huyu si yupo?" mama akajibu. "Humwoni?"

Walicheka wote wawili. Fundi naye alicheka, akalipa sabuni.

Yeye pia alisoma kwa mkopo. Deni lake lilikatwa kwenye mshahara kabla mshahara haujamfikia, mstari mmoja mdogo kati ya kodi na bima, miaka nenda rudi, mpaka mwezi mmoja mstari ule haukuwepo. Alinunua viatu vya kazini, na sherehe yake ikaishia hapo. Ndivyo ilivyo. Aliye mbali akilipa, tunasema ana utu. Aliye karibu akilipa, tunasema kakatwa.

Ingekuwa nafuu kama Kadogo angekuwa mtu mbaya. Kila Fundi alipomtafutia kosa alikutana na zawadi. Mara ya mwisho ilikuwa krimu ya mikono, na ujumbe: "Dada, kwa ajili ya plasta yako." Aliipaka. Nyufa za vidole zikafunga, usiku akalala vizuri, na asubuhi akaamka na kijiba kile kile cha roho, kimekua kidogo. Hakumchukia mdogo wake. Alitaka kitu kimoja tu, tena kidogo: mama amtazame yeye, siku moja, kama anavyoitazama ile simu.

Mwaka huu Kadogo alifika sehemu ya mwisho ya deni. Kadi yake ikagoma. Akamtumia Fundi hela, na ujumbe wenye namba yake ya mkopo, amlipie benki halafu akamchukulie hati ya kumaliza deni kwenye ofisi ya mikopo. Kabla hata hela haijaingia mama alikuwa ameshaalika. Shangazi aje, majirani waje, Jumapili saa ya simu. Seremala alikuwa ameshapima fremu.

"Ukutani pale," mama alisema, akionyesha mahali palipokuwa na kalenda. "Kila anayeingia aione. Mwanangu, usije ukanichelewesha."

Fundi alikwenda benki, akapanga foleni, akajaza, akalipa. Siku ya pili akaenda ofisi ya mikopo. Dirishani alikaa msichana aliyepandisha miwani juu ya nywele. Alibonyeza, akashusha miwani, akabonyeza tena.

"Dada, huyu hajamaliza."

"Nimelipa jana. Risiti hiyo hapo."

"Umelipa, sikatai. Swali ni umemlipia nani." Akageuza kompyuta. "Namba uliyoandika ni ya mtu mwingine, na huyo alishamaliza zamani. Unamfahamu?"

Fundi aliinama kusoma. "Ni mimi."

Msichana alimtazama, akaitazama kompyuta, kicheko kikamshinda mpaka miwani ikaanguka mezani. "Nisamehe, dada yangu. Hapa nimeona wanaokimbia deni, nimeona wanaojifanya wamekufa. Anayerudi kulipa deni alilokwisha kulimaliza, wewe ndiye wa kwanza. Ngoja niwaite wenzangu wakuone."

"Usiwaite."

"Basi siwaiti."

Namba yake Fundi anaijua kwa kichwa tangu chuoni. Ya Kadogo ilikuwa kwenye simu, mkobani, na mkoba hakuufungua. Pale benki alikuwa anaiwaza fremu, na mkono ukaandika uliyoizoea. Je, ulikuwa mkono peke yake? Alijiuliza akiwa amesimama dirishani, na jibu lililokuja hakulipenda, akaliacha lipite.

Msichana alimjazisha karatasi ya kuhamisha hela, akamwambia arudi Ijumaa. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema, "Halafu hati yako mwenyewe hukuja kuichukua. Miaka yote hii!" Akaichapa, akaipiga muhuri, akaipitisha chini ya kioo kwa mikono miwili. "Hongera, dada. Kulipa mpaka mwisho si mchezo."

Fundi alijifanya anatafuta kalamu mkobani. Aliitafuta muda mrefu, na ilikuwa mkononi mwake.

Ijumaa jioni alirudi nyumbani na hati mbili. Mama aliipokea ya Kadogo kwenye kanga safi, kama anapokea kichanga. Kisha akaona nyingine.

"Na hii ya nani?"

"Yangu."

"Wewe nawe ulikopa?"

"Nilikopa, mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakatwa."

"Ahaa," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeambiwa kwamba mvua ilinyesha mtaa wa pili. "Basi iweke mahali isipotee."

Fundi aliiweka juu ya kabati. Jumamosi aliikuta chini ya glasi ya meno, imepata duara la maji katikati.

Jumapili watu walijaa. Mama alivaa meno, akaketi penye mwanga, akaiinua fremu mbele ya simu. Huko ng'ambo Kadogo alilia, mama akalia, shangazi akapiga makofi na kutangaza kwamba akili hizo zimetoka upande wake wa ukoo. Fundi alimimina chai. Alizungusha vikombe, akakusanya vikombe. Mtu mmoja alimwambia chai ni nzuri.

Wageni walipoondoka mama aliyavua meno papo hapo, kama anavua viatu vinavyobana, akayatumbukiza kwenye glasi. Akaenda jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya viazi na kumwigiza shangazi: jinsi alivyoketi, jinsi alivyoishika sahani, jinsi akili zilivyotoka upande wake. Bila meno uigaji ulikuwa mtamu zaidi. Midomo ilizama ndani, kidevu kikapanda kukutana na pua, na mama akacheka kwa fizi tupu mpaka kiazi kikamponyoka. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta.

Simu yake ikaita. Alikuwa Kadogo, kwa sauti tu. Fundi akasogea mlangoni.

"Dada, asante. Najua ulihangaika."

"Si kitu."

"Mama anafanya nini?"

"Anapumzika."

"Dada, nikuulize kitu, usinicheke. Mama bila meno yukoje?"

"Yukoje vipi?"

"Sijawahi kumwona. Nilipoondoka alikuwa na yake. Siku hizi nikipiga amevaa, amenyooka, kama yuko kwenye usaili wa kazi. Nikimwambia avue anasema hawezi kukaa ovyo mbele yangu. Mbele yangu, dada! Mimi nimekuwa nani?" Sauti ikapungua. "Nakuonea gere, ujue. Mimi nilipata hela ya kulipa deni. Wewe umempata yeye."

Fundi aliegemea mlango. Kitu fulani kifuani kilimlegea, kitamu na kibaya kwa pamoja, na akangoja aibu imfuate, isimfuate.

"Niwashie video," Kadogo alisema. "Dakika moja tu. Usimwambie. Nimwone alivyo."

Nyuma yake mama alikuwa ameshika kiazi kama kikombe cha chai, kidole kimoja juu, shangazi kabisa. Alikuwa anamngoja ageuke ili aendelee.

"Amelala," Fundi akasema.

"Saa hizi?"

"Amechoka. Tutaongea Jumapili."

Akakata.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Wa kazini."

"Hata Jumapili hawakuachi? Kaa basi, nikumalizie ya shangazi yako."

Fundi aliilaza simu juu ya meza, uso chini, akavuta kigoda cha pili mpaka magoti yao yakagusana. Mama akaanza upya, tangu shangazi alipoingia mlangoni. Fundi alicheka polepole safari hii, kama mtu anayekula peke yake.