Siku Baba Alipopanda Uluguru

Masika yalipoanza, harufu ya tope la Jangwani ilipanda hadi chumbani kwetu Kariakoo, ikachanganyika na ya dagaa na vitunguu vya sokoni. Mama alifunga dirisha akisema hilo si tope, ni uchafu tu. Tope lenyewe liko kwao. Kwao ni milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, ambako sikuwa nimefika ingawa nilishaingia darasa la tatu. Baba alikuwa kuli bandarini, Mwislamu wa Kilwa. Mama alikuwa Mkatoliki wa milimani. Bibi, mama yake mama, hakuikubali ndoa ile. Hakuja harusini, na salamu ambazo baba alimpelekea kwa barua hazikujibiwa hata mara moja. Sasa mjomba alikuwa ameandika kwamba Bibi ameanguka shambani, nyonga imeumia, na hawezi tena kutembea. Mama akaanza kufunga nguo zake.

"Tunakwenda wote," baba akasema.

"Akikufukuza je?"

"Atanifukuza nikiwa nimeshamwamkia."

Sukari ilikuwa adimu miaka ile. Baba alipanga foleni asubuhi mbili kwenye duka la ushirika mpaka akapata kilo mbili, akazifunga pamoja na doti moja ya kanga. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi ya mkwe.

Tulishuka kwenye treni Morogoro, na kesho yake alfajiri tukaanza kupanda. Njia ilikuwa nyembamba, ya udongo mwekundu unaoteleza kama mlenda, ikipita kati ya migomba iliyokuwa bado inadondosha mvua ya usiku. Wanawake walishuka na vikapu vya mboga vichwani bila kuvishika. Mama niliyemjua Kariakoo alinibana mkono kwa hofu kila tulipovuka Mtaa wa Msimbazi; huyu wa mlimani alitangulia mbele kwa wepesi, akisemezana Kiluguru na kila tuliyepishana naye, akicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. Baba, aliyezoea kubeba magunia kutwa nzima, alianguka mara tatu kabla ya kijito cha kwanza. Kwenye kijito cha pili maji yalikuwa baridi mpaka meno yakaniuma.

Adhuhuri tulifika kwenye jiwe kubwa ukingoni mwa mlima. Ukungu ukafunguka, na chini yetu yakaonekana mabati ya Morogoro, reli, na tambarare isiyo na mwisho. Baba alisimama pale muda mrefu, tope limemfika magotini.

"Kumbe uliacha huku," alisema taratibu, "ukaja kukaa kwenye kile chumba changu kimoja."

"Nilikuja kwa miguu yangu," mama akamjibu. "Twende, mvua inarudi."

Mvua ilitukuta kwenye mto wa mwisho. Gogo la kuvukia lilikuwa limezolewa na maji. Mama alivuka kwanza akipapasa mawe kwa fimbo, kisha baba akanibeba mgongoni, mkono mmoja ukinishika, mwingine ukishika mzigo wa Bibi. Katikati jiwe likapinduka. Tulizama mpaka kifuani. Niliuona mzigo ukienda na maji, ukizunguka mara moja, ukapotea. Mikono yote miwili ya baba ilikuwa imenikaza miguu mpaka ikaacha alama.

Tulifika kwa Bibi tunatetemeka. Alikuwa amelala kitandani karibu na moto, mwembamba, macho makali. Mama alipiga magoti akamkumbatia, wakalia. Baba alibaki mlangoni, akichuruzika maji, mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Mto umekuangusha?"

"Umeniangusha, mama. Nilikuwa na kizawadi chako. Kimekwenda na maji."

"Na mtoto?"

"Mtoto sikumwachia."

Bibi alinitazama, akayaona mapaja yangu yalivyovimba alama za vidole. Kuni zililia motoni.

"Marahaba," akasema. Kisha akamgeukia mjomba. "Mpashie mkwe wangu maji ya kuoga. Mnamwacha mlangoni kama mpita njia?"

Siku hizi pikipiki na hata magari hupanda hadi karibu na boma lile la Bibi, na mito ina madaraja ya zege. Mpwa wangu anayeishi huko alijifungua salama kwa sababu gari liliweza kumfuata, kwa hiyo siwezi kuiombea ile njia irudi. Bibi, baba na mama wote wametangulia. Nyumba yetu ya Kariakoo imekuwa ghorofa la maduka, na wajukuu wangu huitazama Uluguru kwenye simu. Ninachokitamani mimi ni kuwa tena mgongoni mwa baba katikati ya maji yale, sikio limebanwa kwenye mgongo wake, nikisikia moyo wake unavyokwenda mbio na kudhani kwamba ni mto.