Aliacha kufua mashuka, sasa anafundisha watu kuelea

Saa mbili asubuhi, kabla mchanga haujaanza kuunguza nyayo, mwanamke mwenye filimbi shingoni anamfunga jaketi la kuokolea mwanamume mwenye mwili mara mbili ya wake. Anavuta mkanda, anakagua kifungo, anavuta tena.

"Pumua," anamwambia.

"Napumua."

"Hupumui, kaka. Umeshika pumzi tangu tulipotoka kibandani."

Mwanamume huyo ni dereva wa lori la safari ndefu. Amekuja kisiwani kupumzika na mke wake na binti zake wawili. Jana wenzake walipanda boti ya ndizi, lile puto refu la manjano linalovutwa na boti ya injini, yeye akabaki ufukweni.

"Nilikuwa nalinda viatu," anajitetea. Binti zake wanaangua kicheko.

Muda si mrefu dereva amelala chali kwenye maji yanayofika kifuani. Viganja vya mwalimu viko chini ya mgongo wake. Amefumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Taratibu, viganja vinaondoka, na dereva anabaki palepale, juu ya maji.

"Mama watoto, unaniona?" anapaza sauti bila kufumbua macho. "Unaniona?"

"Tunakuona wote!" mke wake anamjibu. "Hata viatu vinakuona!"

Mwanamke mwenye filimbi ni mama wa watoto watatu na huku ufukweni wanamwita Mama Boya. Jina hilo lilianza kama utani wa madereva wa boti. Leo limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa kibanda chake, kando ya ndoano za kutundikia miwani ya majini.

Wageni wanaokuja hapa wana mengi ya kuchagua. Wapo wanaotaka kurushwa angani na parachuti linalovutwa na boti, na wapo wanaotaka pikipiki za maji. Wengine wanapenda utulivu wa kayaki, au kusimama juu ya ubao mpana na kasia mkononi. Wengi huvaa miwani na mrija wa kupumulia, wakainamisha uso kutazama samaki wa kwenye matumbawe.

Kabla ya yote hayo, anayeogopa maji anapelekwa kwa Mama Boya.

"Siwafundishi kuogelea siku ya kwanza," anasema huku akisuuza miwani kwa sabuni ya watoto ili isishike ukungu. "Nawafundisha kuelea. Mtu akijua kwamba maji yanaweza kumbeba, hayo mengine yanakuja yenyewe."

Miaka michache iliyopita, mwanamke huyu alikuwa hajawahi kuingia baharini zaidi ya magoti. Alikuwa mfuaji wa mashuka katika hoteli iliyo nyuma ya kibanda hiki. Amezaliwa kisiwani na amekulia kisiwani, lakini bahari kwake ilikuwa kitu cha kutazama kupitia dirisha la chumba cha kufulia.

Siku moja hoteli ilipungukiwa wahudumu. Akaambiwa avae aproni safi, apande boti pamoja na vyakula, akawahudumie wageni kwenye fungu la mchanga linaloibuka baharini mbele ya ufukwe. Wakati wa kushuka, mguu uliteleza. Akaanguka majini na sahani zake.

"Maji yalikuwa ya kifuani tu," anasimulia. "Ningesimama, ningepona. Lakini sikujua chini ni wapi na juu ni wapi. Nilikuwa nakufa kwenye maji ambayo mtoto anacheza."

Aliyemtoa ni nahodha wa boti ya ndizi, mzee mcheshi anayejulikana kama Kapteni Ndizi. Alimkamata kwa kamba za aproni akamsimamisha wima. Wageni walipoona maji yanaishia kifuani, baadhi yao walicheka.

Kapteni Ndizi hakucheka. "Macho yake yalinitisha," anakumbuka. "Nimetoa watu wengi majini. Mtu anayezama kweli na mtu anayedhani anazama wana macho yaleyale."

Kwa siku kadhaa Mama Boya aliendelea kufua mashuka. Halafu jioni moja, baada ya zamu, alimfuata Kapteni Ndizi alikokuwa akiosha injini.

"Baba, nifundishe kuogelea."

"Kwa nini?"

"Sitaki kuogopa kitu kinachonizunguka pande zote."

Mzee alikubali kwa sharti moja: asiwe na haraka. Mazoezi ya mwanzo yalikuwa kulala chali na kutofanya chochote. Mama Boya, ambaye maisha yake yote alikuwa hajui kukaa bure, aliona hilo ndilo gumu kuliko yote.

Nyumbani nako kulikuwa na kazi. Mume wake ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache na utani mkavu. "Kila jioni anarudi na nywele zimelowa," anasema fundi huyo. "Majirani wakaanza kuniuliza kama bati la nyumba yangu linavuja."

Mwanzoni hakupendezwa. Alihofia watoto wangebaki bila mama. Lakini jioni moja alikwenda ufukweni kumfuata, akamkuta mke wake anaogelea kutoka boya moja hadi jingine bila kushika kitu. Alikaa juu ya mchanga akatazama mpaka mwisho. Njiani kurudi alisema neno moja tu: "Endelea."

Meneja wa michezo ya majini alipotafuta mtu wa kutunza majaketi na makasia, mfuaji aliomba nafasi hiyo akapewa. Kufundisha alikuwa bado hajaruhusiwa. Kazi yake ilikuwa kugawa vifaa, kuvikusanya na kuvianika.

Kilichobadilisha mambo ni upepo.

Mchana mmoja, maharusi wawili walichukua mbao za kusimamia wakaenda mbali kidogo. Ghafla upepo uligeuka, ukawa unatoka nchi kavu kuelekea bahari kuu. Aliyekuwa amesimama juu ya ubao alikuwa kama tanga, kila akipiga kasia mbele, upepo unamrudisha nyuma.

Boti zote zilikuwa upande wa pili wa ghuba na watu wa parachuti. Mama Boya alishika redio ya mkononi, akamweleza Kapteni Ndizi anachokiona na anakokwenda. Kisha akasukuma kayaki majini.

Aliwafikia wakiwa wamechoka. Bi harusi alikuwa analia. Bwana harusi alikuwa anafungua kamba ya mguuni inayomfunga na ubao.

"Unafanya nini?" Mama Boya alimuuliza.

"Naogelea kurudi. Nikalete msaada."

"Msaada ndiyo mimi. Ukiacha huo ubao mtakuwa watu wawili wa kutafuta, na kayaki ni moja. Funga kamba, lala kifudifudi."

"Lakini ufukwe uko kule!"

"Ufukwe hauhami, baba. Lala."

Wakalala. Aliunganisha mbao zote mbili nyuma ya kayaki kwa kamba, akawaambia wapige maji kwa mikono. Hakushindana na upepo uso kwa uso. Alikata kiubavu, akielekea kwenye ncha ya mawe iliyochomoza upande wa kushoto, ambako mwamba unakinga upepo.

"Nilikuwa naogopa, kwa nini nidanganye?" anasema. "Lakini hofu hii ilikuwa tofauti. Safari hii nilijua juu ni wapi na chini ni wapi."

Kapteni Ndizi alipowasili na boti, aliwakuta tayari wamekaa juu ya mawe. Bi harusi amejifunika jaketi la Mama Boya, na bwana harusi anaomba radhi kwa mara ya tatu.

Wiki iliyofuata meneja alimpeleka kwenye kozi ya uokoaji, na aliporudi alipewa darasa la wanaoanza. Mshahara wake sasa unakaribia mara mbili ya ule wa kufulia. Msimu ukiwa mbaya wageni wanapungua na bakshishi zinakauka, lakini anasema hajawahi kutamani kurudi kwenye pasi.

Mwaka jana alimwomba meneja ruhusa ya kutumia asubuhi ya Jumatatu, wageni wanapokuwa wachache, kuwafundisha wanawake wanaofanya kazi hotelini. Wapishi, wafagiaji na wenzake wa zamani wa kufulia wanakuja wakiwa na leso zao na vicheko vyao. Hakuna mfanyakazi anayepelekwa tena kwenye fungu la mchanga kabla ya kujua kuelea. Sheria hiyo aliiomba yeye.

Sasa anasomea leseni ya unahodha. Kapteni Ndizi anastaafu mwishoni mwa msimu na ameshasema wazi nani anamtaka kwenye usukani wake. Mtihani wa vitendo Mama Boya ameupita. Umebaki wa darasani, na mume wake humhoji wakati wa chakula: taa ya kulia ya boti rangi gani, ya kushoto rangi gani, nani anampisha nani.

"Mume wangu mwenyewe sasa anajua kuliko baadhi ya madereva wa boti," anacheka.

Akiipata leseni, atakuwa mwanamke wa kwanza kuendesha boti ya ndizi katika ufukwe huu. Abiria wa kwanza ameshajitokeza: mama yake mzazi, anayekaa nao nyumbani, na ambaye anataka kukaa nyuma kabisa, mahali ambapo watu huanguka.

"Amenibana kweli," anasema Mama Boya, akiirudisha filimbi shingoni na kumfuata mwanafunzi anayesubiri. "Nimemwambia, mama, wageni nawapa jaketi na maelezo. Lakini wewe umenizaa, kwangu hupandi hivihivi. Uje Jumatatu uanze na kuelea, kama wenzako."